Kikombe cha Shangazi

Mimba yangu ya kwanza ilitoka, ya pili nayo ikatoka. Shangazi wa mume wangu akaamua kwamba tumbo langu ndilo lenye kasoro. Kila alipokuja kutoka Kongwa alibeba mizizi, akaichemsha jikoni kwangu, akanisimamia mpaka ninywe. Ilikuwa michungu, jamani! Mimi nakunywa machozi yananitoka, mume wangu yuko uani, sigara mdomoni, anakoroga dawa ya kupulizia zabibu kwa mkono mtupu, mpaka kwenye kiwiko. Yeye hakuna aliyemuuliza kitu.

Aliyemuuliza ni muuguzi wa kliniki, hapa Chang'ombe. "Na baba je?"

Mume wangu akacheka. "Mimi? Mimi mzima kabisa, dada."

"Sigara unavuta. Sumu ya shambani unaishika bila glavu. Mbegu ya mwanaume inaandaliwa miezi kadhaa kabla mama hajashika mimba, na ikiharibika, mimba nayo inaweza isikae. Siwaahidi kitu, lakini safari hii anza wewe."

Njiani nilimwambia wazi: "Nimechoka kunywa dawa peke yangu. Nikipoteza mwingine, sijaribu tena."

Kesho yake alinunua glavu na barakoa, na wenzake shambani wakamtania, "Daktari, unapasua zabibu leo?" Kuacha sigara kulimtesa. Alinuna, akagomba, akatafuna karanga kutwa. Nikamvumilia tu, maana hofu yangu ilikuwa kubwa kuliko kero zake.

Shangazi akarudi na mizizi yake. Alipoichemsha na kunisogezea kikombe, mume wangu akakidaka.

"Shangazi, safari hii nakunywa mimi."

"We! Hiyo ni ya wanawake!"

"Mbona na mimi namtaka huyo mtoto?"

Akaigugumia yote, kisha akakimbilia uani kutapika. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Shangazi hakucheka. Alikitazama kile kikombe kitupu, akanitazama na mimi, akaenda kukiosha.

Sasa binti yetu anatambaa. Kama ni glavu, kama ni sigara, kama ni Mungu tu, sijui. Baba yake akirudi shambani, mtoto humwendea mbio kwa magoti, naye huinua mikono juu: "Subiri kwanza, mama, baba anawe!"

Anayemmiminia maji ni shangazi. "Sugua," anamwambia. "Na kwenye kucha."