Bawa Alilolishona Zorka

Zorka alikuwa na mkono mwepesi kutushinda sote pale kiwandani Milano, na mimi si mtu wa kusifu ovyo. Kazi yetu ilikuwa kushonea kitani kwenye mabawa ya ndege za vita. Yeye ni mzaliwa wa Ljubljana, mji wa adui ng'ambo ya mpaka, ila aliolewa na Mwitalia. Vita vilipoanza alikimbilia Milano na mumewe. Mama yake mwenye miguu mibovu akabaki, ghorofa ya nne, jirani na stesheni ya treni.

Baridi ya mwaka 1916 akaja kapteni mmoja, akapanda juu ya kasha.

"Kina mama, msidhani ndege hii inakwenda kupigana na askari. Hao itawaruka. Itakwenda mjini, ipige viwanda, stesheni, majumba. Raia wakiuona moto watawaambia wakubwa wao, basi, imetosha. Vita kwisha."

Tukapiga makofi. Mkuki kwa nguruwe.

"Mji gani, afande?" Zorka akauliza.

"Tutaanza na Ljubljana."

Mchana ule polenta yake, ule ugali wetu wa mahindi, hakuigusa. Jioni nikapita kwenye bawa lake, nikakuta mishono imeachana, kitani kinacheza. Huko angani upepo ungekichana chote.

"We Zorka, una wazimu? Humu wanapanda watu, nao wana mama zao."

"Na wangu je?" Akanishika mkono. "Ngazi haziwezi, shoga. Wenzake watakimbia, yeye atabaki kitandani ananiita."

Kusema niliogopa, kunyamaza niliogopa. Mtu akishikwa kwa hujuma alipigwa risasi, na mimi ningeulizwa nilijua nini. Mwisho Zorka akasema, "Nao wana mama zao," akachukua mkasi mwenyewe, akafumua, akashona upya huku analia. Safari hii hata ukucha usingepita. Nilikaa naye mpaka akamaliza.

Ndege ikaenda, ikarudi nzima. Kapteni akaja kutupongeza. Zorka akamfuata hadi mlangoni, nami nyuma yake.

"Afande, stesheni mliipata?"

"Kulikuwa na mawingu, mama. Tuliangusha mabomu pale pale mjini."

"Na raia je? Wamewaambia wakubwa wao basi?"

"Bado," akasema kapteni, kwa upole kabisa. "Ndiyo maana nataka mabawa mengine."

Zorka akarudi mezani. Uzi ulimkatalia kuingia kwenye sindano, nikamtungia mimi.