Treni ya Bukavu

Kazi yangu chuo kikuu ni kufundisha namna ya kuchunguza ushahidi: nani anasema, amejuaje, anafaidika nini. Nimewatesa wanafunzi kwa maswali hayo miaka mingi. Mbele ya simu yangu sikujiuliza hata moja.

Masikio ya mama yangu, anayeishi nasi hapa Bukavu, yalikuwa yamechoka. Kwenye misa alijibu "Amina" padri akiwa bado katikati ya sala, watu wakageuka kumtazama, naye akaanza kusema magoti yanamuuma, heri abaki nyumbani. Nako binti yangu alikuwa amechaguliwa kusoma somo la kwanza kwenye misa ya Jumapili iliyofuata. Mama alitaka sana kumsikia. Nami nilitaka sana asikie, na hamu hiyo ndiyo iliyoniondolea akili.

Nikapata mtandaoni kifaa cha masikio, pamoja na tovuti nzima ya kulinganisha vifaa vya aina hiyo, ambayo kwa bahati ya ajabu ilikuwa imekipa kilekile nyota zote tano. Chini yake zilijaa shuhuda. Sisi tumelelewa na shuhuda: mtu akisimama kwenye kikundi cha sala, akashukuru, akalia kidogo, nani atamdai cheti cha daktari? Hawa nao walishukuru na kulia. Kadhaa walilia kwa maneno yaleyale, nami nikauona huo kuwa umoja wa kiroho. Mmoja wao, maman wa hapahapa Bukavu, aliletewa kifaa mpaka mlangoni ndani ya siku mbili. Mtaani kwetu nyumba hazina namba, lakini nilishaamini.

Mama hakutaka. Alisema vitu vya kwenye simu ni vya wezi. Ndipo nikakaa naye barazani, nikaanza kumtafsiria shuhuda zile kutoka Kifaransa, nikipiga kelele kwenye sikio lake la kushoto. Nyumba zetu zimepandana kilimani. Majirani wa chini walizima redio wapate kufuatilia.

"Maman moya wa Bukavu anasema," nikapaza sauti, "tangu avale hii appareil, kila asubuyi anasikiaka treni inapita!"

Mama akanitazama kwa huruma.

"Treni gani?"

Kwa majirani mtu alicheka hadi akakohoa. Nikasoma tena. Treni ilikuwepo pale kwenye simu; Bukavu yenyewe haina hata reli. Mke wangu akamtumia dada yake wa Goma ukurasa uleule. Alipoufungua kule, maman yuleyule alikuwa mkazi wa Goma, pamoja na treni yake. Tovuti ilikuwa inabandika tu mji wa anayesoma.

"Na ile université," mama akauliza, "munafundishaka nini kule?"

Nikazima simu. Niliona haya, lakini kilichoniuma zaidi ni Jumapili, maana sikuwa na kitu kingine cha kumpa mama. Binti yangu, aliyekuwa amesikia yote kama mtaa mzima, akaleta Biblia, akaniondoa pale nilipokaa, akaanza kumsomea bibi yake somo lake sikioni. Alirudia na kurudia, mpaka bibi akajua linaishia wapi.

Jumapili mama alikaa benchi la mbele, akifuata midomo ya mjukuu wake.

"Neno la Bwana," mtoto akamaliza.

"Tumshukuru Mungu!" Sauti ya kwanza kanisani ilikuwa ya mama, mahali pake kabisa, na waumini wote wakamfuata. Mimi peke yangu sikujibu. Sauti ilikuwa bado imenikauka kwa kupaza zile shuhuda barazani.