Betri ya Pili na Uji wa Mama Mkwe

Jambo zima limenigharimu shilingi milioni moja, laki tano na elfu themanini na tano, pamoja na kuku mmoja ambaye sikumnunua mimi. Nimehesabu mara mbili. Mara ya kwanza kutoka juu kwenda chini, mara ya pili kutoka chini kwenda juu, nikitumaini huko chini nitakuta huruma. Jibu ni lilelile. Pikipiki yenyewe haimo humu. Hiyo niliilipa zamani na kidonda chake kimepona. Hizi ni za betri ya pili tu, na za sukari na sabuni zilizoitangulia.

Mimi nauza asali. Naichukua kwa warina wa Kitahana, naichuja nyumbani Kibondo mjini, na kila Alhamisi naipeleka Kasulu, madumu matatu ya lita ishirini, kwa mwenye duka mmoja anayeionja kwa kidole kidogo na kukunja uso hata ikiwa nzuri, ili bei ishuke. Namheshimu sana. Mtu wa kupatana naye bei ni kama mtu wa kucheza naye bao: ukimkosa unanyauka.

Petroli ilikuwa inakula faida yangu mbele ya macho yangu, ndipo nikanunua pikipiki ya umeme. Siku ya kwanza kupita kijiweni kwa bodaboda wa Kibondo, walikuja wote kuizunguka. Kisha mmoja akauliza, "Kaka, hiyo ni pikipiki au pasi?"

"Ni pasi," nikamwambia. "Lete suruali."

"Na umeme ukikatika si utaisukuma?"

"Na wewe mafuta yakipanda, husukumi? Unaisukuma familia nzima hadi mwisho wa mwezi."

Wakacheka, nami nikaondoka bila mlio, jambo lililowaudhi zaidi ya jibu.

Kitu kimoja ambacho muuzaji hakunieleza ni kwamba asali ni nzito kuliko maji. Betri ndiyo iliyonieleza. Nikiwa na madumu matatu mgongoni, vilima vya njia ile viliinywa chaji hivi kwamba nilipofika kilometa ya sitini, kabla ya njia panda ya Nyarugusu, kioo kilibaki na mstari mmoja mwekundu. Mbele bado vilima, nyuma vilima. Kurudi hakukuwa na shida: madumu matupu hayali umeme, na mwenye duka alinichajia usiku kucha, akalikata hilo kwenye bei ya asali. Shida ilikuwa kwenda. Kinyozi mmoja wa kando ya barabara alinitajia elfu tatu ya kuchaji. Aliponiona nimechoka akasema elfu nne.

Nilimsimulia mke wangu. Alikuwa anachambua maharage, hakuinua hata kichwa.

"Mama ana umeme."

Ni kweli. Kijiji cha mama yake kiko palepale kilometa ya sitini. Lakini hebu fikirieni. Mama mkwe wangu ni mtu wa desturi. Mkwe haketi naye uso kwa uso, hali chakula mbele yake, na zaidi ya yote, mkwe na mama mkwe hawatajiani fedha. Hata wakiwa na neno la kuambiana, hupitia kwa mtu wa tatu, na mtu asipokuwepo hupitia kwa mbuzi. Mtu kama mimi, ambaye bila kutaja bei sijui hata niamkie vipi, niende nikachajie huko?

Nikaenda. Kinyozi alikuwa elfu nne.

"Mwakeye, mama," nikasalimu nikiwa mbali, macho chini.

"Ego," akaitika, kisha akamgeukia mbuzi. "Wewe, mgeni amekuja na kitu chake kina kiu. Soketi iko dirisha la nyuma."

Hivyo ndivyo tulivyopatana. Nyumba ilikuwa na soketi moja, nami niliegesha nyuma, nikapitisha waya dirishani. Chaji ilichukua saa tatu. Katika saa hizo nililetewa, kupitia kwa wajukuu, ugali wa muhogo na maharage, na siku nzuri mgebuka wa kukaanga, samaki wa ziwani. Nilikula nikitazama migomba. Mbele ya nyumba, upande nisiouona, nilisikia watu wakizungumza na kuangua vicheko, nikajua wananicheka mimi na pasi yangu. Sikulipa hata senti, maana haiwezekani. Badala yake kila Alhamisi nilikuja na kilo ya sukari na sabuni ya mche, elfu tano kamili. Umeme nilioutumia haukufika hata nusu ya hapo. Nilikuwa natoa zaidi ya kinyozi kwa kitu ambacho hakikuuzwa, na, niseme ukweli, nilikuwa nafurahi. Ule mgebuka hauna bei sokoni.

Zikapita Alhamisi ishirini na mbili. Alhamisi ya ishirini na mbili, beseni likalia.

Lilikuwa ndani, chini ya dirisha langu, limefunikwa kanga. Likaanza kuimba kwaya, tena kwa sauti ya juu, kisha likanyamaza, kisha likaanza upya. Nikaingiza mkono, nikafunua kidogo. Simu. Kila moja imefungwa kikaratasi kwa mpira, jina la mwenyewe juu yake. Nikazihesabu: kumi na moja. Nikahesabu tena: kumi na moja. Kando yake kulikuwa na waya wa kugawia umeme, umechomolewa.

Nikaelewa. Mama mkwe wangu alikuwa anachaji simu za kijiji kwa mia tatu mia tatu. Na pikipiki yangu ikichomekwa pamoja na simu, umeme unajikata nyumba nzima. Kwa hiyo kila Alhamisi alikuwa anazichomoa za watu, anazificha chini ya kanga, ili mkwe wake asione kwamba anamtia hasara. Kumi na moja mara mia tatu, elfu tatu na mia tatu, mara Alhamisi ishirini na mbili. Nilipofikia jibu nilitamani niteremke kwenye lile beseni nami nifunikwe.

Kumuuliza siwezi. Kumlipa siwezi. Dawa ilikuwa moja tu: nisihitaji tena soketi yake.

Kasulu kuna fundi wa betri, mzaliwa wa Uvira, ng'ambo ya ziwa, mtaratibu, mwenye koti la bluu. Alinionyesha betri ya pili ya kufunga ubavuni, ikiisha ya kwanza unahamia ya pili.

"Papa, hii batri iko muzuri. Garantie miaka mbili."

"Bei?"

"Million moja na laki sita."

"Nina milioni na laki moja, na nyingine nitakuombea."

"Maombi niko nayo mengi, Papa. Mimi ni muzee wa kanisa."

Tulianza jua likiwa utosini, tukamaliza vivuli virefu. Nilitoka mara tatu nikiaga kabisa. Mara mbili aliniita, mara ya tatu nilijiita mwenyewe. Tukakutana milioni moja laki tatu na themanini. Chuma cha kuibebea na nyaya, elfu tisini na tano. Nilitoka pale nimeshinda. Nilipogeuka nikamwona naye anacheka.

Nyumbani nilitaja laki sita. Mke wangu aliuliza mara moja tu, "Laki sita?" nami nikasema "Laki sita," na hesabu ikafungwa. Siuiti uongo, ni punguzo, kama analopewa mteja wa siku zote.

Alhamisi iliyofuata nilipita kijiji cha mama mkwe bila kusimama. Nilijifariji kwamba pikipiki haina mlio, atajuaje. Kumbe katika kijiji ambako pikipiki zote zinapiga kelele, ile isiyopiga ndiyo inayosikika. Nilikuta watu wamesimama kando ya barabara wananipungia, nikawapungia nami, nikainama kidogo. Alhamisi ya pili hawakupunga. Ya tatu walinitazama tu, kama wanavyomtazama aliyekimbia msibani.

Jumamosi yake kondakta wa basi la Kasulu akamkabidhi mke wangu jogoo mwekundu, miguu imefungwa, na maneno: "Mama amesema umuulize mkwe wake, ugali wake ulikuwa na mchanga?"

Mke wangu akamweka jogoo mezani, akanitazama. "Kuku wa mama haji bure. Umemfanya nini mama?"

Nikamweleza habari ya beseni. Yote, isipokuwa bei. Akasikiliza, akacheka mpaka akakaa chini, lakini hakusema anacheka nini. "Alhamisi tunakwenda wote," akasema.

Tukaenda. Niliacha dumu moja na nusu nyumbani, maana mke wangu ana uzito wake, jambo ambalo sikulisema kwa sauti. Mama mkwe alikuwa mlangoni amekaa kiubavu. Mke wangu akakaa katikati yetu kama mkalimani wa mahakama, ingawa sote tulikuwa tunasikiana vizuri kabisa.

"Muulize mkwe wangu, nimemkosea nini?"

"Mama anauliza amekukosea nini."

"Mwambie hakunikosea. Niliona simu kumi na moja kwenye beseni. Namzuilia riziki yake."

Mama mkwe hakungoja nitafsiriwe. "Simu?" Akamgeukia binti yake. "Mwambie huyu mkwe wangu msomi wa hesabu, simu hainywi uji. Mwenye simu ndiye anayekunywa."

Nikainua macho bila kukusudia. Ndipo nilipouona kwa mara ya kwanza ule upande wa mbele ya nyumba. Mabenchi mawili. Sufuria la uji wa ulezi, kubwa kuliko mtungi. Karanga zimepangwa kwa visoda. Mihogo ya kuchemsha.

"Simu ikijaa kwa saa moja," aliendelea kumwambia binti yake, "mwenyewe anaichukua anakwenda. Mia tatu yangu basi. Siku pikipiki ya mkwe wangu ikinywa, simu zinangoja saa tatu, na wenyewe wanangoja nazo. Anakunywa kikombe. Anapiga hadithi. Anakunywa cha pili. Anamwita shemeji yake aje kuona pikipiki isiyo na mlio, na shemeji naye ana njaa. Mwambie, tangu apite kama upepo, Alhamisi yangu imekuwa kama Jumanne."

"Mama anasema—"

"Nimesikia," nikasema.

Nilikuwa nimehesabu simu mara mbili. Vikombe sikuvihesabu hata mara moja. Miezi yote ile nilikaa nyuma ya nyumba nikila ugali kwa aibu, kumbe mimi ndiye niliyekuwa ngoma ya sherehe. Nikacheka. Yeye akacheka kwa kuelekea ukutani, mabega yakimtikisika, na mke wangu, mkalimani, akashindwa kazi.

Nikachomoa betri iliyoisha, nikapitisha waya dirishani. Mbele kukaanza kujaa. Safari hii nililetewa benchi mahali ambapo ningeweza kuona, na nikaona: ndani ya saa tatu, vikombe thelathini na nne. Nikahesabu tena: thelathini na sita, maana wawili walikunywa nilipokuwa narudia.

Basi ningeweza kuishia hapo, nimeshiba na moyo mweupe. Lakini wakati wa kuaga, mama mkwe alisimama mbele ya ile betri ya pili, akaigusa kwa kidole, akamuuliza binti yake ni kitu gani. Mke wangu akamweleza: inahifadhi umeme, hata mvua ikiangusha nguzo, yenyewe inaendelea.

"Inaweza kuchaji simu, umeme ukiwa hakuna?"

"Ukiwa na kifaa chake cha kubadilishia umeme, ndiyo, mama. Ila polepole."

"Polepole ndiko ninakokutaka. Mkwe wangu sasa haihitaji, si anasimama hapa? Ni ya shilingi ngapi?"

Niliona linakuja, kama unavyoona dumu linavyoinama kabla ya kuanguka.

"Laki sita," mke wangu akasema, kwa moyo safi kabisa.

Mama mkwe akaingia ndani, akatoka na kitambaa kilichofungwa fundo. Akakiweka mkononi mwa binti yake. "Hizo laki mbili. Nne nitamaliza kwa uji. Mwambie mkwe wangu simpunji. Bei aliyonunulia ndiyo bei ninayompa. Alhamisi ijayo aniachie."

"Mama anasema—" mke wangu akaanza.

Nikasema asante. Ningesema nini? Mkwe hapatani bei na mama mkwe.

Leo ni Jumatatu. Betri iko chini ya kitanda, imejaa pomoni. Fundi wa Kasulu nimempigia. Anasema nikiirudisha atanipa laki tisa, na akauliza kama ule ushindi wangu bado ninao. Nikimuuzia fundi, mama anakosa betri yake na mimi nakosa mgebuka. Nikimwachia mama kwa laki sita, laki saba na themanini zinaondoka na heshima yangu inabaki. Nikisema bei ya kweli, mke wangu ataisikia kwanza, maana ndiye mkalimani.

Ninyi mnaosoma mna wakwe, wengine mna hata pikipiki za umeme. Nishaurini nifanye nini, na mnishauri kabla ya Alhamisi. Na yeyote atakayekutana na mke wangu sokoni Kibondo, namwomba sana, bei ni laki sita.