Aliyenijia Bwawani na Sura ya Wifi Yangu

Wapo watu hapa Garsen ambao nikianza kusema haya huinuka wakaenda zao. Waende. Siku ile sikuwa naumwa, sikuwa nimelala, na pombe ya mnazi sijawahi kuitia kinywani. Ilikuwa mchana, jua la utosi, na nilimwona kwa macho haya haya.

Kwanza ujue nilikuwa nafanya nini huko. Mafuriko yalipotutoa mtoni, tulihamia ardhi ya juu nje ya mji, kando ya bwawa ambalo hukauka kiangazi. Mume wangu alikuwa kazini Malindi. Kuni hakuna, msitu uko mbali, na ukikutwa na mzigo wa miti utajieleza kwa askari wa misitu. Ndipo nikaujua udongo wa bwawani. Ni mweusi, mwepesi, umejaa mizizi ya mafunjo yaliyooza miaka na miaka. Unaukata kwa jembe vipande kama matofali, unavianika, na vikikauka vinawaka. Mwali wake ni mdogo, lakini moto hauna haraka. Ukiuwasha jioni, asubuhi unakuta kaa bado jekundu chini ya jivu.

Niamini, udongo ule ulitulisha. Nilipikia. Nilikaushia kambare kwa moshi wake, tukawapeleka sokoni. Nilichanganya na mchanga nikaotesha miche ya miembe, ikashika kuliko ile ya samadi. Akina mama wa Kiorma, wafugaji wa jirani, walikuja kuchukua vipande wawafukizie ndama wao, mbu wasiwamalize. Hata jivu nilimwagia mchicha.

Wakubwa wa pale kwetu hawakupenda. Walisema bwawa lile lina mwenyewe. Mama mkwe aliniambia waziwazi, "Udongo unaowaka si udongo wa watu. Uache."

Nikamuuliza, "Nikiuacha, mama, nitapikia nini?"

Nikaendelea kuchimba.

Siku hiyo nilikuwa nachimba ukingoni mwa bwawa, peke yangu na mwanangu Baraka, ndiyo kwanza anatambaa. Nilimweka kwenye mkeka chini ya turubai. Wifi yangu Rehema, dada wa mume wangu, tulikuwa tunaishi naye, na asubuhi alikuwa amekwenda sokoni na samaki. Nilimtwisha kapu mwenyewe, nikamsindikiza mpaka barabarani.

Nikainua kichwa, nikamwona Rehema anakuja kutoka upande wa bwawani.

Rehema yule yule. Leso yake ya njano, mwendo wake wa kuburuta mguu kidogo, pengo lake la meno. Nikadhani samaki wameisha mapema. Lakini upande ule hauna njia, ni tope na mafunjo mpaka mtoni.

"Wifi, umepitia wapi?" nikamuuliza.

"Huku huku," akasema. "Nipe mtoto nimbebe, umechoka."

Sauti ilikuwa yake. Maneno ndiyo hayakuwa yake. Baraka alipewa jina la marehemu babu yake, baba mzazi wa Rehema, kwa hiyo Rehema humwita "baba" tangu siku aliyozaliwa. Hajawahi kumwita "mtoto."

Nikamtazama vizuri. Leso ilikuwa inachuruzika maji. Na kila alipokanyaga, kwenye udongo mkavu, nyayo zilikuwa zinafuka moshi, mwembamba kama wa sigara.

Wewe ungefanya nini? Wengi huniambia wangekimbia. Ungekimbilia wapi, na yeye yuko karibu na mkeka kuliko wewe?

Sikukimbia. Nilitembea, nikamwinua mwanangu, nikamfunga mgongoni. Jembe sikuliacha.

"Nipe," akasema tena.

"Huyu sikupi."

"Kila siku unachukua vyangu, unavichoma." Hakukasirika. Alisema taratibu, kama jirani aliyekuja kuulizia sufuria yake. "Nyumba yangu yote unaipikia uji. Nami nipe kimoja."

Ndani yangu kitu kilikataa. Mto ulikuwa umebeba nyumba yetu, umebeba mpunga, umebeba mbuzi, na hakuna aliyekuja kuniomba radhi. Na huyu naye anataka nini kwangu?

Nikamwambia, "Kama ni nyumba yako, mbona sijakuta hata chungu chako humo? Nimechimba kiangazi chote, nimeona mizizi na konokono. Nina mtoto wa kulisha. Nitachimba kesho, na kesho kutwa nitachimba. Lakini huyu nimemzaa mimi, na hatoki mgongoni mwangu."

Akanitazama kwa uso wa Rehema mpaka macho yakaniuma. Kisha akanyoosha mkono, akanigusa hapa kwenye kiwiko. Nilisikia baridi, kama maji ya kisimani. Akageuka, akaingia katika mafunjo bila kuyatikisa.

Nyuma yake ardhi ikaanza kufuka, na moshi ukawa unasogea kuelekea nyumbani kwangu. Moto wa udongo ule hupita chini kwa chini. Juu unaona pakavu tu, kumbe chini ni kaa tupu. Nikaanza kuchimba mfereji kati ya moshi na nyumba, Baraka akilia mgongoni. Nilichimba mpaka nikafika kwenye udongo wa mfinyanzi, ambao hauwaki.

Hapo ndipo Rehema wa kweli aliponikuta, kapu tupu mkononi, anatoka barabarani. Nilimwinulia jembe.

"Usisogee. Huyu niliyembeba unamwitaje?"

Akapigwa na butwaa. "Wifi, una nini? Baba analia hivyo, nawe unanishikia jembe?"

Nikaliangusha jembe, nikaketi chini nikalia. Yeye akaliokota, akaendelea kuchimba. Majirani wakaja na ndoo. Nyumba ikapona, ingawa bwawa liliendelea kufuka mpaka mvua zilipokuja.

Watu wakataka achinjwe mbuzi, niombe msamaha, nihame. Nikawajibu mbele ya mama mkwe, "Mbuzi wangu walikwenda na maji. Kama mwenye bwawa anataka mbuzi, akauulize mto." Sikuhama. Mpaka leo niko pale pale, na bado nachimba.

Ila sitakudanganya kwamba nilitoka salama. Kiwiko hiki hakisikii moto. Kaa likiniangukia hapa, nalijua kwa harufu. Na Rehema, kila alipoingia ndani, nilitazama nyayo zake kwanza kabla ya uso. Moyo ulijua ni yeye, macho yakakataa. Alivumilia, ikamshinda. Sasa anaishi kwa mama yake mdogo huko Ndera. Hutuma salamu, nami huzirudisha, lakini hatujakaa jiko moja tena. Yule wa bwawani alimkosa mwanangu, akanichukulia wifi.

Kwa hiyo nisikie. Ukipita huku kiangazi ukaona moshi unatoka chini, usikanyage. Na mtu wako wa karibu akikujia kutoka upande usio na njia, akaomba umpe mtoto, usiuamini uso, maana sura huibwa. Msikilize anavyosema. Ukisikia si yeye, usimlilie wala usimbembeleze. Mkatalie, hata kama unaogopa.