Mgongo Usiooshwa

Kila jioni mchimba makaa ya mawe mmoja, aliyekwisha kuichezea Wales raga mara nne, alipiga magoti mbele ya beseni jikoni, na mkewe, Marged, akamsugua shingo na mikono yenye makovu ya buluu ya vumbi la makaa. Mgongo hakuugusa. Wachimbaji wote waliamini maji huulegeza, na mgongo huo ndio uliowasukuma Waingereza matopeni uwanjani.

"Taratibu, mama watoto. Hii ngozi ni ya taifa."

"Basi hilo taifa lije likufulie mashati!"

Ijumaa moja barua ya kumwita aichezee Wales mara ya tano ilikuwa mezani. Alijaribu kuinama, mgongo ukakataa, akashika ukingo wa beseni. Hakutania.

"Marged," akasema hatimaye, "leo nioshe na mgongo."