Wimbo wa Magokoro na Maji ya Samaki

Mpaka leo, sinki langu la jikoni linapomeza maji ya mwisho na kutoa ule mlio wa koo lenye kiu, mimi husimama na sahani mkononi nikatabasamu peke yangu. Watoto wangu wameshazoea. Husema mama yao amekwenda Nyamache tena, na hawakosei. Mlio huo ndio uliokuwa ukisikika huko kijijini, kwenye kona ya sebule yetu utotoni mwangu, miaka ya tisini. Kabla hamjadhani tulikuwa matajiri, niwaambie: sakafu yetu ilikuwa ya udongo, umeme ulikuwa haujatufikia hata kwa ndoto, na kilichokuwa kikilia ni tangi la kioo la samaki wa kutazama.

Tangi hilo lilikuwa la Mama Jyoti, Mhindi mwenye duka la vitambaa mjini Kisii. Mama alikuwa akimpelekea ndizi tangu kabla sijazaliwa, na wawili hao walikuwa na mazoea ya kukaa nyuma ya duka wakinywa chai yenye tangawizi nyingi na kuwasema waume zao. Familia ya Mama Jyoti ilipohamia Mombasa, tangi halikuweza kusafiri. Akampa Mama, pamoja na samaki wanne wadogo wa rangi ya chungwa.

"Watunze kama wangu, dada," alimwambia. "Na maji yao yasisimame. Yakisimama, watakufa."

Kule dukani maji yaliendeshwa na pampu ya umeme. Kwetu palikuwa na chemchemi tu, huko juu kwenye majani chai. Basi Mama akapanga hivi: mpira ulete maji kutoka chemchemi hadi kwenye tangi, na yanayozidi yatoke yenyewe. Ndani ya tangi, pembeni, palikuwa na kisanduku cha kioo chenye ukingo uliochongwa meno kama kitana, ili maji yapite na samaki wabaki. Chini ya kisanduku kulikuwa na bomba jembamba, nalo Mama alilipitisha ukutani hadi kwenye migomba. Jambo lilikuwa moja tu: bomba limeze maji upesi kuliko mpira unavyoyaleta. Lisipoweza, tangi litafurika.

Na sakafu ilikuwa na mwenyewe. Magokoro, yaani bibi yangu mzaa baba, ndiye aliyeisiriba kwa kinyesi cha ng'ombe kila Ijumaa kwa ajili ya Sabato, akiinama na mgongo wake wa kizee, mpaka inang'aa. Hakuwataka samaki wale.

"Samaki ni wa sufuria," alisema. "Mama Kerubo, maji yakigusa sakafu yangu, hao nawakaanga."

Kerubo ni mimi. Niliamini kila neno, nikalia.

Saa nyumbani ilikuwa moja, nayo ilikuwa mkononi mwa Baba, aliyefanya kazi Kericho na kurudi mwisho wa wiki. Kwa hiyo Mama alipima maji kwa wimbo wa kufungulia Sabato. Aliweka debe chini ya mpira pale chemchemini, akaimba. Debe lilijaa alipomaliza ubeti wa pili. Kisha tukarudi nyumbani kupima bomba. Hapa Mama alikuwa anamimina ndoo baada ya ndoo ili tangi libaki limejaa, akihema, hawezi kuimba. Akamwomba Magokoro, aliyekuwa mlangoni akipukuchua maharagwe, amwimbie wimbo uleule. Debe la nje, lililotegwa chini ya bomba, likajaa kabla ya ubeti wa pili kwisha. Mama akapiga makofi. Bomba limeshinda!

Sabato asubuhi, tukiwa tayari tumevaa, akafungulia maji, tukaenda kanisani.

Tuliporudi, sebule ilikuwa matope. Harufu ya kinyesi cha ng'ombe kilicholowa ilitupokea mlangoni. Samaki watatu walikuwa ndani ya tangi, mmoja hayumo.  Magokoro alipiga magoti kwenye matope na gauni lake jeupe la kanisa, akapapasa chini ya kiti, akamtoa yule samaki. Alikuwa bado anatweta.

"Yaya, hapana, moyo unampiga," Magokoro alisema, akimtazama kiganjani. "Ni mdogo hivi na moyo unampiga." Akamrudisha majini mwenyewe. Kisha akakumbuka hasira yake. "Sasa watoke nyumbani mwangu."

Mama alisimama akitikisa midomo, akiimba kimoyomoyo. Nami nikashtukia alichokuwa akikiwaza. Kanisani Mama aliimba mbio. Watu walisema ukimfuata utafika nyumbani kabla ya uji kupoa. Magokoro alivuta kila neno mpaka lichoke. Ubeti wake ulikuwa mrefu kuliko wa Mama.

"Lakini Magokoro huimba pole..." nilianza. Mama akanikanyaga mguu.

Baba alivua saa. "Chukua hii, upime vizuri."

"Saa yako hupoteza dakika," Mama alisema. Baba alifungua kinywa kuitetea, akayaona macho ya Mama, akakifunga. Mama akamgeukia Magokoro na kumshika mkono kwa mikono miwili. "Mama, nilikosea mimi. Nilipaswa kukuachia wewe vipimo vyote viwili. Nisaidie mara moja tu. Ikishindikana, nitawatoa mwenyewe."

Jumapili tukampandisha Magokoro hadi chemchemini, Baba amebeba kiti. Aliimba ameketi wima kama mgeni rasmi. Debe lilijaa hata ubeti mmoja haujaisha! Mama akaukaza mpira kwa kamba ya mgomba ili maji yapungue, Magokoro akaimba tena, Mama akakaza tena, mpaka debe likahitaji beti tatu nzima. Tangu siku hiyo maji hayakumwagika. Kila asubuhi Magokoro alisimama mbele ya tangi akaimba ubeti mmoja, na ole wake aliyesema samaki wale ni wa Mama. Walikuwa wake.

Nilikuwa mtu mzima nilipomuuliza Mama kuhusu ile saa, maana saa ya Baba haikupoteza dakika hata siku moja. Alicheka.

"Saa ingepima maji tu," alisema. "Mimi nilikuwa na mama mkwe pia."

Nikiwa mtoto niliona akili ya maji, nikaistaajabia. Hii nyingine sikuiona. Siku tulipomzika Magokoro, Mama ndiye aliyeombwa kuanzisha wimbo, na alianzisha uleule wa Sabato. Nilijiandaa kwa mbio zake. Lakini aliuimba polepole, akivuta kila neno mpaka lichoke, na kanisa zima likamfuata nyuma, na hakuna aliyeharakisha.