Njia ya Kigae Kimoja

Fundi huyu anaitwa Pimamaji. Wenzake walimpa jina hilo kwa sababu macho yake huona mteremko kabla kifaa chenye jina hilo, cha kupimia usawa, hakijawekwa sakafuni. Ametandika vigae kwa miaka ishirini na miwili kwenye majengo ya watu wengine. Kwake nyumbani sakafu ni saruji tupu, na akiulizwa husema vigae anaviona vya kutosha mchana.

Ana mkao mmoja tu wa kufanyia kazi. Mguu wa kulia anaukunja chini yake, kalio likiwa juu ya kisigino. Goti la kushoto analisimamisha hadi karibu na kifua, na mkono wenye mwiko unapita kando yake. Alikaa hivyo siku ya kwanza kazini, na hakuna aliyewahi kumwambia abadilishe mguu. Sasa mguu wa kulia haunyooki. Akilala chali, chini ya goti hubaki nafasi ya kupitisha ngumi, na mkewe huiziba kwa shuka iliyokunjwa ili angalau apate usingizi. Ngazi anazipanda vizuri tu. Kushuka ndiyo shughuli. Hushuka kiubavu, hatua moja moja, kama mtu aliyebeba kabati na mwenzake wa upande wa pili amemkimbia. Magoti yameachana kiasi kwamba Chokaa, fundi plasta ambaye wamefanya naye kazi kwenye majengo sita, humwambia kuwa mbuzi anaweza kupita katikati bila kupiga hodi.

La ajabu ni kwamba akichuchumaa maumivu hupungua. Akisimama, goti linaanza kuwaka. Akitembea, linawaka zaidi. Akirudi chini kwenye mkao wake, linatulia. Kwa hiyo hukaa chini muda mrefu kuliko kazi inavyohitaji, na kadiri anavyokaa ndivyo kuinuka kunavyozidi kuwa kugumu. Mkewe alishamwambia kwamba anajipikia ugonjwa wake mwenyewe. Alimjibu kwamba anajua, akabaki alipo.

Jumatatu moja foremani aliwakusanya mafundi wote chini ya jengo. Yeye ni kijana kuliko Pimamaji kwa miaka kumi hivi, na aliwahi kuwa fundi wa vigae kabla ya kupewa kofia nyeupe ya msimamizi. Aliwaeleza kuwa Alhamisi saa tisa atakuja nesi wa kampuni. Kila mmoja atakunja mikono kifuani, achuchumae na kusimama mara tano bila kushika kitu. Atakayeshindwa atapumzishwa, na nafasi yake haitamsubiri. Chokaa aliuliza kama maboss nao watachuchumaa. Watu walicheka. Pimamaji naye alicheka.

Jioni hiyo alijipima nyumbani, katikati ya kitanda na meza. Mkewe alikaa kitandani akikunja nguo na kuhesabu. Mara ya kwanza aliinuka, ya pili aliinuka huku akitetemeka, na ya tatu alibaki chini. Mkewe aliacha kukunja nguo. Alimpa mkono amwinue. Jumanne ilikuwa mbili. Jumatano ilikuwa mbili na nusu, kama nusu inahesabika.

Pale kazini siri yake, kwamba akikaa chini muda mrefu hainuki bila kushika kitu, alikuwa ameitunza kwa miezi minane, na aliitunza kwa ujanja huu. Kila fundi wa vigae huanzia ukuta wa mbali na kurudi nyuma hadi mlangoni, ili atoke bila kukanyaga kazi mbichi. Lakini mlango wa jengo ambalo halijakamilika ni tundu tu la ukuta laini, hauna pa kushika. Dirisha lina ukingo. Mtu akiukamata ukingo wa dirisha kwa mikono miwili, anaweza kujivuta hadi akasimama, na anayepita akadhani anatazama nje. Basi Pimamaji alianza kutandika kinyume. Alianzia mlangoni akarudi nyuma kuelekea dirishani, na kando ya ukuta mmoja aliacha njia yenye upana wa kigae kimoja. Alipomaliza chumba alijivuta kwa ukingo, akapita kwenye njia ile, kisha kesho yake asubuhi, kabla foremani hajafika, aliijaza njia akitokea dirishani. Alipofika mlangoni alitambaa hadi kwenye bomba la jukwaa la mafundi lililosimama koridoni, akainuka nalo. Hakuna aliyewahi kumgundua.

Alhamisi alipewa chumba cha ghorofa ya nne. Alianza mapema, akajipanga kumaliza saa nane ili apate saa nzima ya kunyoosha mguu. Mikono ilikuwa inafanya kazi, lakini kichwa kilikuwa kwa nesi. Alijiona amesimama mbele ya watu, mikono kifuani, anashuka. Moja. Mbili. Alipaka gundi, akalaza kigae, akakigonga kwa mpini wa nyundo, akapima. Tatu. Hapo kila mara alirudi mwanzo na kuhesabu upya.

Alipoinua kichwa alikuwa amebakiza ukanda mmoja chini ya dirisha. Alitazama kushoto kutafuta njia yake, akaona vigae. Safu zote zilikuwa zimefika ukutani, zimenyooka, na kila kigae cha mwisho kilikuwa kimekatwa vizuri kulingana na ukuta. Mikono ilikuwa imefanya ilichokizoea kwa miaka ishirini na miwili. Haikuwa imeambiwa siri ya miguu.

 Nyuma yake kulikuwa na dirisha na ghorofa nne za hewa. Mbele yake vigae arobaini na viwili vilikuwa vinaelea juu ya gundi mbichi ambayo haingekauka kabla ya kesho. Akikanyaga, ataharibu chumba kizima na kila mtu atajua. Asipokanyaga, atakosa kipimo, na kukosa kipimo ni kushindwa.

Chokaa alipita koridoni kumwita, akasimama pale mlangoni. Alitazama sakafu, akamtazama Pimamaji, akatazama sakafu tena.

"Pima," alisema taratibu, "umeoa hicho chumba?"

"Kaniletee mbao."

"Kosa la mwanafunzi wa wiki moja, kaka. Wewe?"

"Mbao, Chokaa. Na ufunge mdomo."

Chokaa alileta mbao mbili za jukwaa. Aliweka matofali kwenye tundu la mlango, akazisukuma mbao hadi upande wa pili, na Pimamaji akaziegemeza juu ya rundo la vigae ambavyo hajavitandika. Likawa daraja, kiganja kimoja juu ya kazi mbichi. Kwa mtu mzima ni hatua tano tu. Pimamaji aliushika ukingo wa dirisha, akavuta. Mguu wa kulia ulikuwa umelala chini yake tangu asubuhi na haukuitika. Alivuta tena. Alipopata kusimama, aliweka mguu mmoja kwenye mbao, nazo zikanesa, goti likayumba, akarudi chini.

Wakati huo foremani alikuwa amefika na nesi, wakimtafuta mtu wa mwisho kwenye orodha, na nyuma yao mafundi kadhaa. Foremani hakuuliza kilichotokea. Aliisoma sakafu kama barua. Aliona safu ya kwanza ilikuwa ya mlangoni, akaona ilipoishia, kisha macho yake yakapanda hadi kwenye mikono iliyokamata ukingo.

"Tangu lini, fundi?" aliuliza.

Pimamaji alifikiria kusema ni leo tu. "Tangu mwezi wa pili," alijibu.

Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Alikaa juu ya mbao, miguu mbele, akaanza kujisogeza kwa makalio kama mtoto asiyejua kutembea. Alikwenda polepole.  Alipofika mlangoni, foremani alimpa mkono, na sakafu nyuma yake haikuwa na kigae hata kimoja kilichosogea.

Nesi alimuuliza kwa upole, "Baba, mara tano utaweza?"

"Mbili," alisema.

Nesi aliandika kwa muda mrefu. Foremani alimvuta pembeni wakazungumza, kisha akarudi na habari ambayo yeye mwenyewe aliiona njema. Hatamwachisha kazi mtu anayetandika vigae namna ile. Amemwekea nafasi kwenye meza ya kukata vigae, malipo yaleyale, sharti moja tu: nesi ameagiza asichuchumae tena.

"Ile ni kazi ya kusimama," Pimamaji alisema.

"Ndiyo. Utapumzisha magoti."

Alitaka kumweleza kwamba kusimama ndiko kunakoliwasha goti. Lakini watu walikuwa wanampongeza, na Chokaa alikuwa anampigapiga begani.

Sasa ana wiki ya tatu kwenye meza ya kukata. Kufika saa nne goti limekwishaanza kuwaka. Alijaribu kukalia ndoo, lakini meza iko juu na akikaa haoni msumeno unapita wapi. Mkewe amesikia agizo la nesi na nyumbani ameficha kigoda kifupi alichokuwa anakalia goti linapowaka. Kazini wamelisikia wote, na wanamjali kwa dhati. Mashine inapozimwa na yeye anaanza kuinama ili arudi kwenye mkao wake, japo kwa dakika moja, lazima atokee mtu wa kumkumbusha.

"Mzee, nesi amesema nini?"

Husimama wima tena, akashika meza kwa mikono miwili, akangoja kigae kinachofuata.